Matofali Yasiyopikwa

Kilifi, 14 Januari 2024

Baba,

Shikamoo. Naandika kwa sababu simu yangu hupokei, na siku ukiipokea unanyamaza mpaka salio linaniishia. Mimi ni mzima, kazi ya ualimu inaendelea. Barua hii na kopo lake atakuletea Everlyne. Usimgombeze jirani yako. Nilimshika pale sokoni anapouza mihogo nikakataa kumwachia mkono mpaka aseme. Amesema una kifua kikuu na umeanza dawa za miezi sita. Amesema pia kwamba shati lako la kanisani sasa linaweza kukaa watu wawili. Hilo la shati ndilo lililonikalisha chini.

Sitalia kwenye karatasi. Kliniki yako iko hapa Kilifi, na nyumba yangu haiko mbali na lango la hospitali. Tangu mama afariki unajipikia mwenyewe, yaani hupiki. Kwa nini usikae kwangu mpaka dawa ziishe? Chumba kipo, na feni ipo. Nimeambiwa ukitoka kliniki unakaa stendi na tumbo tupu kusubiri gari lijae, dawa zinakukoroga, na mimi mwanao niko mtaa wa pili nasahihisha vitabu vya watoto wa watu.

Njoo, baba.

Mwanao,
Kahaso


Vitengeni, 23 Januari 2024

Kahaso, mama,

Marahaba. Salamu zimefika nzima nami nazirudisha nzima. Mbuzi hawajambo, majirani hawajambo, kifua bado kinabishana na dawa, na naona dawa zina hoja.

Kopo nimelirudisha bila kulifungua. Si hasira. Nilinusa mahamri, na mahamri hayo yamechomwa jikoni kwako. Wewe unaitwa jina la mama yangu, huwezi kujifanya mgeni wa mambo yetu. Mzee hali chakula cha nyumba ambayo binti yake amekwenda kabla ya mnazi wa kadzama kunywewa. Huyo Thuku wako alikuja hapa kukuposa peke yake juu ya pikipiki, hana mzee, hana shangazi, amefunga kreti ya soda nyuma. Nikamuuliza, kibuyu cha mnazi kiko wapi? Akasema hawezi kubeba pombe, ameokoka. Na mimi nimeokoka, mama, tena kabla yeye hajazaliwa. Kadzama sikuitaka ili nilewe. Ile ndiyo inayofungua mazungumzo ya wazee. Sasa wazee wafungue mazungumzo kwa soda ya machungwa?

Nilimwambia neno moja tu: rudi na watu wako. Akageuza pikipiki. Nawe ukapanda nyuma.

Kwa hiyo kula sitakula. Na kulala hapo siwezi, maana anayelala huamka na njaa.

Baba yako


Kilifi, 30 Januari 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini usiku unapumua vizuri. Mimi sina ugonjwa wa kuandika.

Barua yako nimeisoma kama ninavyowaambia wanafunzi wangu wa kemia wasome swali: usijibu kabla hujajua linataka nini. Basi nauliza. Kinachokatazwa ni nini hasa? Ni nyumba? Ni sufuria? Ni unga ulionunuliwa na Thuku? Au ni mimi? Ukiniambia ni mimi, sitauliza tena, wala kukutumia kitu.

Mwanao,
Kahaso


Vitengeni, 6 Februari 2024

Kahaso, mama,

Marahaba. Afya ni ile ile.

Swali lako nimelipeleka kwa mzee Sanga, tukakaa nalo. Sanga alicheka mpaka akasahau kujibu. "Huyu uliyemsomesha," akasema, "atakuja kukuuliza kaburi lina vyumba vingapi." Mimi sikucheka, kwa sababu ya lile neno lako la mwisho.

Sikiliza. Ni moto. Kinachokatazwa ni kilichopita kwenye moto wa nyumba ile. Ukinipa embe nitalimenya nile. Ukinipa maji nitakunywa. Wewe hukukatazwa hata siku moja, na usiniandikie tena swali la namna hiyo.

Nimempa Everlyne korosho za mikorosho ya nyuma akuletee. Amezikaanga yeye uani kwangu, kwa kuni zangu. Mimi nilikaa upande wa upepo mzuri, maana moshi wa maganda yake si wa mtu mwenye kifua kama changu.

Baba yako


Kilifi, 17 Februari 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi nje, si kitandani. Korosho zimefika na harufu ya uani kwako. Nilifunga mlango nikainusa peke yangu kabla ya kuanza kazi.

Kwenye kopo kuna vipande ambavyo havijui moto wa nyumba yangu. Tende nimeziloweka kwa maji niliyoyaacha juani ndani ya sufuria nyeusi mpaka yakawa vuguvugu. Embe ngowe nimezikata nyembamba kama karatasi, nikazianika juu ya bati chini ya kipande cha chandarua. Jioni naziingiza, asubuhi nazitoa, kama kuku. Zimekauka zikawa kama ngozi, lakini ukitafuna utamu unarudi. Korosho zako nimezigawa, nyingine zimetwangwa kuwa unga, nyingine nimezivunjavunja tu upate cha kutafuna. Nimeongeza ufuta mbichi, unga wa ubuyu kidogo kwa ule ukali unaoupenda, na asali ya wafuga nyuki wa mikokoni. Vyote vimetwangwa pamoja, vikashindiliwa kwenye trei, nikaweka jiwe juu. Sukari sikutia. Kiberiti sikukigusa.

Watu wanaokimbia barabarani hapa asubuhi hula vitu kama hivi ili wasiishiwe nguvu. Wewe kula kimoja ukishameza dawa, na kingine stendi.

Mwanao,
Kahaso


Vitengeni, 27 Februari 2024

Kahaso, mama,

Marahaba. Sijambo kuliko jana.

Matofali yako yamefika. Mafundi wa Ganze wakiyaona watakuagiza ya kujengea shule. La kwanza lilinishinda kabisa. Mimi nina magego mawili tu yanayoelewana. Nikaliponda kwa mchi, nikala vumbi lake kwa kijiko. La pili nililiweka shavuni kama ugoro, likalainika polepole. La tatu sikumbuki lilikwendaje. Everlyne akauliza kama yamebaki, nikasema hayakubaki, nalo moja lilikuwa mfukoni. Mungu anisamehe.

Ila kuna jambo. Tende na korosho kuzitwanga mpaka zishikane si kazi ya mkono mmoja, na wewe tangu mdogo mchi ulikuwa unaushika kama kalamu. Nani anatwanga?

Baba yako


Kilifi, 8 Machi 2024

Baba,

Shikamoo. Nafurahi kwamba shavu limefanya kazi ya magego. Safari hii nimeloweka tende muda mrefu zaidi na kupunguza embe, kwa hiyo vipande vitakuwa laini.

Anatwanga Thuku. Akirudi kutoka Watamu anakotengeneza friji za mahoteli, ananawa mikono mpaka viwiko, anakaa na kinu barazani. Nilimwambia ni vya baba, akauliza tu, "Anapenda vigumu au laini?" Ulisema moto, baba. Mikono hukuitaja.

Mwanao,
Kahaso


Vitengeni, 20 Machi 2024

Kahaso, mama,

Marahaba. Umesoma sana.

Sanga amesema nimenaswa, na mtego nimeutega mwenyewe. Amesema pia nisikubali hadharani.

Kliniki nilipanda kwenye mizani, nesi akatazama, akanishusha, akanipandisha tena, kisha akamwita mwenziwe aje aone. Nimeongezeka. Akauliza nakula nini, nikamwambia matofali. Akaandika kitu, sijui aliandika nini.

Mwambie huyo anayetwanga kwamba kokwa moja ya tende ilimponyoka. Nusura nibaki na gego moja.

Baba yako


Kilifi, 29 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo. Najua mvua iko kwenu kama ilivyo kwetu, na nimeambiwa maji yamekata barabara, magari yanapita siku moja na kushindwa siku ya pili. Hata sijui barua hii itakufikia lini. Unalala pakavu? Paa la upande wa jikoni lilikuwa linavuja tangu mama akiwa hai.

Kopo halipo safari hii. Jua halijatoka vya kutosha tangu mwezi uanze. Embe zilizokuwa juu ya bati zimeota ukungu, nimezitupa. Korosho zako zilizobaki zimeshika unyevu, zinatafunika kama mpira. Zinaweza kuokolewa kwa kupashwa moto kidogo tu, na moto nilio nao ni wa jiko langu.

Jana nilizitia kwenye kikaango. Nikawasha. Nikasimama hapo. Kisha nikazima, nikazimwaga tena kwenye bakuli. Usingejua kamwe, baba. Ungekula, mizani ingepanda, nesi angemwita mwenziwe. Ila miezi hii umekula kila nilichokutumia bila kukikagua, na sikuweza kuiharibu imani hiyo.

Kwa hiyo chagua wewe. Nikutumie kilichopita kwenye moto wangu, au usile chochote changu mpaka jua lirudi. Nitakachofanya ni kile utakachoandika.

Mwanao,
Kahaso


Kilifi, 21 Mei 2024

Baba,

Shikamoo. Hukujibu. Mwanzoni niliisingizia barabara. Sasa barabara inapitika, Everlyne amekuja na mihogo yake, na mikono yake haikuwa na barua. Nilimuuliza kama umeisoma ile ya Aprili. Akasema uliisoma, ukaikunja, ukaiweka mfukoni, ukaenda kulala mchana. Amesema kliniki iliyopita nesi hakumwita mtu. Amesema umerudi kwenye uji mwepesi, na hata huo unaachia kuku.

Sikulaumu. Nilikuuliza uchague, na kunyamaza nako ni kuchagua.

Lakini kuna jambo ambalo Thuku alinikataza kukuambia, na leo navunja neno lake. Ulimwambia arudi na watu wake. Hana watu. Mama yake alimlea peke yake Nakuru kwenye vyumba vya kupanga, akafa Thuku akiwa kidato cha tatu. Hamjui baba. Mjomba hana. Siku ile alikuja peke yake kwa sababu ndivyo anavyokwenda kila mahali. Alidhani wewe ndiye ungemwambia aanzie wapi. Aliniambia, "Usimwambie mzee. Sitaki anipe mke kwa huruma."

Sasa umejua. Sikuombi kitu. Ila kama utakufa kwa njaa huko Vitengeni ili kumwonyesha mtu asiye na mzee kwamba hana mzee, basi yeye anajua tayari.

Nisamehe ukali.

Mwanao,
Kahaso


Kilifi, 4 Juni 2024

Kahaso, mama,

Ukirudi kutoka shuleni utaikuta barua hii mezani. Unisalimie baadaye, nitaitikia.

Huenda ukashangaa kwa nini naandika nikiwa ndani ya nyumba yako. Mdomo wangu haujazoea jambo hili. Kalamu imezoea kidogo.

Nilitoka kliniki saa sita. Mizani haikusema vizuri. Nesi aliniuliza, "Mzee, yale matofali yamekwisha?" Nikamwambia jua halikutoka. Akanitazama kama anayemtazama mtu aliyechanganyikiwa. Nikaenda stendi nikakaa. Gari likajaa, konda akaniita, "Mzee, twende!" Nikamwambia atangulie. Likajaa la pili. Nilikuwa na barua zako mbili mfukoni, na sikuwa nikifikiria mila wala Thuku. Nilikuwa na njaa, mama. Njaa tu. Na nikaona aibu, mtu mzima kama mimi, kufa kwa kumkomoa mtu.

Nikauliza njia kwa mwenye tuktuk. Aliyefungua mlango ni yeye anayetwanga. Leo hakwenda kazini, ana homa ndogo. Alisema shikamoo, kisha akasahau kunikaribisha, tukasimama hivyo yeye ndani mimi nje mpaka mimi nikamwuliza, "Unapika nini?" Akasema sima na mchicha. Nikamwambia unaungua. Akakimbia.

Alinipakulia akabaki amesimama kando kama askari. Nikamwambia, "Keti. Chakula hakiliwi kikisimamiwa." Akaketi. Akaanza kueleza habari ya siku ile, soda na pikipiki, nikamwambia anyamaze kwanza, nakula. Sima yake ina mabonge, na chumvi amemwachia jirani. Niliongeza mara ya pili.

Tulipomaliza nikamweleza. Mambo ya wazee yapo palepale, sikuyafuta, na sina uwezo wa kuyafuta. Kadzama lazima iletwe. Asipotaka kuibeba mwenyewe, ataibeba mtu mwingine. Mzee wa kumsemea nitamtafutia mimi, nitamkalisha upande wake, kisha nitabishana naye kama simjui. Akauliza, "Inaruhusiwa hiyo?" Nikamwambia mkewe amenifundisha kuuliza kinachokatazwa ni nini hasa. Katika kukopeshana mzee sikumbuki katazo.

Sasa ametoka kununua maziwa. Nimemkataza, hakusikia.

Mimi naingia kulala kwenye chumba cha feni. Usiniamshe. Sahani alitaka kuiondoa nikamzuia. Sikuiosha. Iko hapo mezani, nimeiacha uione.

Baba yako