Sahihi Yako Katika Daftari la Barakoa

Mdogo wangu Yakobo,

Tulikuzika Bangwe, Jumanne. Wenzako wa kiwanda cha kokoto cha Mwandiga walikuja wote, na msimamizi wenu alikuja na boksi la barakoa. Aliwagawia waliobeba jeneza, kisha akawapiga picha.

Siku ya tatu alirudi na daftari. "Shikamoo, Mzee. Ni utaratibu tu wa ofisi. Tia sahihi hapa, uthibitishe kwamba marehemu alikuwa akipewa barakoa."

Nililisoma ukurasa kwa ukurasa, naye akawa anatazama saa. Jina lako lipo kila Ijumaa, na sahihi mbele yake. Lipo hata Ijumaa ile uliyokuwa wodini kwa kifua kikuu, mimi nikikushikia kopo la makohozi. Hukuweza kushika kijiko, Yakobo. Ulishikaje kalamu?

Nilipomwonyesha, alicheka kidogo. "Labda alisaini mapema, Mzee."

Nakumbuka ulivyokuwa ukirudi nyumbani, kope nyeupe, umejifunga puani kipande cha kanga ya mkeo. Rafiki yako Hamisi, mwenzako wa kiwandani, alikutania: "Wewe leo umesaga mawe au unga?" Ulicheka mpaka ukakohoa. Uliniambia mliomba mawe yamwagiwe maji kabla ya kusagwa, mkakataliwa. Uliniambia pia kwamba mlipigwa picha za kifua, na majibu yakabaki ofisini. Nami nikakujibu uvumilie, kazi ni adimu. Mimi, kaka yako, nilisema hivyo.

Sasa bomba la maji limefika kiwandani. Mawe yanamwagiwa maji tangu wiki ya matanga, na watu wanashukuru. Mimi sishukuru. Kama walijua kwamba maji hutuliza vumbi, walijua tangu lini?

Hamisi naye anakohoa. Anasema ni mafua. Najua anaogopa kupimwa asije akafukuzwa.

Sikutia sahihi. Msimamizi ameahidi kurudi kesho, safari hii kwa mkeo, Ester, kana kwamba mjane ni mwepesi kuliko mimi. Hatamkuta. Asubuhi nitawapeleka Ester na Hamisi hospitali wapimwe kifua kikuu, Ester kwa kuwa aliishi nawe, Hamisi kwa kuwa mlivuta vumbi moja, na majibu watayapokea wenyewe, si ofisi. Kisha nitakwenda kwa afisa kazi, nimweleze habari ya Ijumaa ile.

Kwaheri, mdogo wangu. Nakuahidi kwamba sitatoka hospitalini pale mpaka Hamisi aambiwe ana nini.

Kaka yako