Karatasi ya Oktoba Ukutani kwa Nkambo

Kasungami, tarehe 9 Machi 2024

Bwana yangu Osée,

Habari ya Kolwezi? Unakula? Unalala? Huyo Glodie wako anajua kusonga bukari, au utaoa njaa? Mimi nkambo wako, mke wako mkubwa tangu ulipozaliwa, ni mzima, na mahindi yamezaa mpaka wezi wamechoka kuiba. Simu inanikata maneno, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Ile karatasi ya Oktoba iliyosema sina ugonjwa, uliponipiga picha ya matiti kwa mashine yenu ya hospitali ukiwa bado mwanafunzi hapa Lubumbashi, nimeitia kwenye kadre ya kioo. Iko ukutani, kati ya Bikira Maria na cheti changu cha ndoa. Kila mgeni namwonyesha: "Angalia, nilipita examen! Mujukuu wangu njo alinipiga foto." Jina lako liko pale chini. Nikiliona, moyo unacheza.

Unitumie pomade ya misuli kwa mkono wa Nzanzu, dereva wa lori anayekuletea barua hii. Kuna kitu kigumu kama haragi kwenye titi la kushoto, na kwapa linavuta nikilima. Ni jembe tu.

Nkambo wako, mke mkubwa,
Perpétue

Kolwezi, 13 Machi 2024

Nkambo wangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, Glodie mzima, na bukari yake haina mabonge, acha wivu.

Pomade situmi. Hiyo haragi si ya jembe mpaka munganga wa hospitali aseme hivyo. Nenda hospitali kesho, usingoje Oktoba nyingine. Nimesoma barua yako mara tatu. Naogopa, Nkambo.

Mjukuu wako,
Osée

Kasungami, 2 Aprili 2024

Bwana yangu,

Pasaka njema kwako na kwa mke mwenzangu. Kile kikohozi chake ulichoniambia kwa simu kimepona?

Hospitali sikwenda. Usifoke, nisikilize kwanza. Nitarudije kwa watu wale wale walioandika kwamba sina kitu? Wataona jina lako pale chini, waseme: "Mujukuu wa Perpétue hajui kazi." Na hiyo kazi ya Kolwezi umeianza juzi tu! Arusi yenu nayo ni Agosti. Haragi imekua, sikudanganyi, ni kama yai la njiwa. Lakini haiumi. Afadhali niibebe mimi kuliko wewe ubebe aibu.

Nkambo wako

Kolwezi, 5 Aprili 2024

Nkambo,

Nimekuita mke tangu nina meno mawili. Leo nakuita mama, unisikie.

Mashine haikudanganya. Siku ile ya Oktoba haikuona kitu. Labda hakikuwepo, labda kilijificha. Vingine vinaota haraka katikati ya picha mbili, kama magugu wiki moja baada ya kupalilia. Wewe ukipalilia, unaapa kwamba shamba halitaota tena? Sisi wa mashine tunalijua hilo. Kosa langu ni kwamba sikukuambia. Ulikuwa umefurahi mno, nikakupa karatasi nikacheka.

Jina langu? Walitupe shimoni. Nikikukosa wewe, nitalipeleka wapi? Nzanzu ameapa hatapakua lori mpaka akufikishe hospitali.

Mjukuu wako anayekupenda,
Osée

Kasungami, 28 Julai 2024

Bwana yangu mkali,

Salamu kwako na kwa mke mwenzangu. Usiulize afya, uliza kichwa: kimekuwa laini kama sahani, na wajukuu wadogo wanapigania kukipaka mafuta.

Mengi tumesema kwa simu, lakini hili nilikuwekea la barua. Siku ile Nzanzu aliponifikisha, fundi wa mashine alisoma jina lako chini ya foto ya Oktoba. Akasema: "Osée? Ule mutoto anajua kazi! Foto yake iko safi." Bwana yangu, nusura nicheze pale pale na gauni lao la hospitali!

Ugonjwa ulikuwa umeshafika kwapani, haukungoja Oktoba. Nililia siku mbili, na wewe unajua. Lakini dawa ya mshipani, ile iliyoninyoa nywele, inafanya kazi. Jana munganga amepima haragi, nusu imekwisha. Upasuaji ni Septemba. Nilimwambia: "Docteur, arusi ipite kwanza! Miye njo bibi ya kwanza, nitakosa namna gani?" Alicheka mpaka miwani ikaanguka. Hakuniahidi miaka. Ameniahidi nitacheza Agosti, na mimi nimeanza mazoezi jikoni.

Leo Jumapili nimewaambia bamama wa parokia: "Muende ku mashini, iko muzuri. Lakini mukigusa kitu, musiulize karatasi, mukimbie!" Watatu wamebaki nyuma kuniuliza maswali.

Karatasi ya Oktoba nimeitoa ukutani, nimempa munganga aiweke pamoja na zile nyingine. Kadre imebaki tupu, kati ya Bikira Maria na cheti cha ndoa. Nataka humo picha ya arusi, sisi watatu, mimi katikati bila kitambaa kichwani. Mwambie Glodie asogee kidogo.

Nkambo wako, bado mke mkubwa,
Perpétue