Siku Uliyokula Mbele Yangu

Mayu, mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Na leo itikia kwa sauti, maana hapa duniani ulikuwa unaniitikia kwa kukohoa. Najua hukusoma, na mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo kwenye barua hii hakuna wa kumcheka mwenzake.

Miaka thelathini na nane nilikuwa mkwe wako, na karibu miaka yote hiyo nilikujua kwa kikohozi, kwa kisigino na kwa mchuzi. Kikohozi kilitoka nyuma ya ukuta nilipokuja kukusalimia. Kisigino nilikiona ukichepuka njiani ili tusikutane uso kwa uso, wewe unaingia kwenye mahindi ya watu, mimi naingia kwenye karanga za watu, mpaka mwenye shamba anatulaani wote wawili. Mchuzi wako nao nilikuwa naula kwenye kila harusi, kuanzia Litapunga mpaka Kabungu, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuozesha bila kukuita usimamie masufuria. Lakini kukuona wewe unakula, hapana. Siku nyie mliponipa Minza, wazee waliniweka chini wakaniambia: mke ni wako, ng'ombe ni wetu, na mdomo wa mama yake usije ukauona ukitafuna.

Nikakubali. Nilikuwa namtaka Minza kiasi kwamba wangeniambia nitembee kinyumenyume, ningetembea.

Halafu Minza akatutoka, nawe ukaacha kula.

Ulikuwa unaishi pale kwangu, kwenye kile kinyumba nilichokujengea baada ya wanao kuhamia Geita na ng'ombe zao. Kabula, mwanangu wa mwisho, alikuwa anakuletea ugali, sahani inarudi kama ilivyokwenda. Akikuletea uji, vijiko viwili, basi. Miezi minne. Mimi nakaa nyuma ya ukuta nakutania kama kawaida yangu, "Mayu, nasikia unafunga, unataka usista uzeeni?" na wewe hukohoi. Hapo ndipo nilipoogopa. Wewe wa kunyamazia upuuzi wangu? Usiku ule nilimwambia Mungu akurudishie hata matusi.

Tukakupeleka hospitali Mpanda. Daktari akapima alivyopima, kisha akamwambia Kabula, "Bibi hana ugonjwa wowote. Ila asipokula, tutampoteza." Mimi nilikuwa nje kwenye benchi, nikasikia kupitia dirishani. Mambo yako yote nimeyasikia hivyo.

Kabula alitoka akifuta machozi kwa ukingo wa kitenge. Akasema, "Baba, twende kwa Mama Salome. Labda harufu ya pale itamwamsha."

Mayu, lazima nipasifu mahali pale, hata kama wewe ulipaita kambi ya wavivu. Mama Salome alikuwa mpishi kwenye kambi ya Wachina waliojenga barabara, akajifunza kwao jungu la mezani. Unalipa mara moja mlangoni, unaingia, unakula mpaka uchoke wewe, si mpaka uchoshe mfuko. Kila meza ina jiko la gesi katikati, na juu yake jungu pana lililogawanywa mara mbili: huku mchuzi mweupe wa mifupa, huku mwekundu wa pilipili, yote inatokota mbele ya pua yako. Vyakula vimepangwa vibichi kwenye meza ndefu ukutani, unajichukulia mwenyewe. Nyama iliyokatwa nyembamba kama karatasi. Maini. Samaki, migebuka ya Karema. Uyoga wa porini, kabichi, viazi vitamu, ndizi, mayai, tambi zisizo na mwisho. Ukutani ameandika kwa rangi nyekundu: UNACHOTUMBUKIZA, UNAKULA. Nilisimama mbele ya meza ile nikavua kofia. Kanisani huwa nasahau.

Sasa shida. Jungu moja, meza moja, mkwe na mkwe. Kabula, mtoto mwenye akili za mama yake, akachukua meza mbili zilizo jirani. Akafunga kitenge chake kati ya nguzo mbili, wewe na yeye huku, mimi kule, tumepeana migongo. Watu wakatutazama kama sinema.

Yule binti mhudumu hakuwa wa kwetu. Aliona wazee wawili wamepeana migongo na kitambaa katikati, akafikiri anavyofikiri. Akainama kwangu, akaninong'oneza, "Mzee, msamehe tu mama. Kwa umri huu mtagombana mpaka lini?"

"Simwezi, binti yangu," nikamjibu, kwa sauti ya kukufikia. "Ana kiburi tangu alipokuwa kigoli. Hata mahari nilimlipia kwa kumwonea huruma."

Nyuma ya kitenge: "Khoo!"

Mayu, sijawahi kusikia kikohozi kitamu kama kile. Miezi minne! Kisha sauti yako, nyembamba, imekauka kama jani la tumbaku: "Kabula, mwambie huyo binti mimi nimezaa mke wa huyo mtu. Sina kosa jingine."

Binti wa watu alikimbilia jikoni.

Mimi nilikuwa sijala tangu jana yake mchana, makusudi, ili nimkomoe Mama Salome. Basi nikabeba sahani nne, nikamwaga zote kwenye jungu kwa mpigo mmoja. Maini, samaki, viazi, mayai na maganda yake. Sikujua kama kuna utaratibu. Povu likapanda, harufu ikabadilika.

"Kabula," ukasema, "nani anachemsha maini na samaki pamoja?"

"Baba."

"Mwambie mkwe wangu atoe samaki."

"Baba, bibi anasema utoe samaki."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie mkwe wangu samaki amekataa kutoka, amezoeana na maini."

Nikasikia kiti chako kinalia. Hapo, Mayu, nikaijua dawa yako. Daktari alikuwa anakubembeleza ule, Kabula anakubembeleza ule, mchungaji naye anakuombea ule. Hakuna aliyefikiria kukuharibia chakula mbele yako. Nikasimama, nikaleta ndizi mbivu, nikaitumbukiza. Nikaleta kabichi zima.

"Kabula, anaweka nini tena?"

"Ndizi, bibi."

"Mbichi?"

"Mbivu."

Kitenge kilishuka kwa mkono mmoja. Ulisimama pale na vile vifupa vyako, gauni linakupwaya, macho makubwa kama ya bundi. Ukanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nioe. Nilitegemea laana. Ukasema:

"Ondoa mkono."

Ukakaa kwenye meza yangu. Ukapunguza moto. Ukaengua povu, ukaokota ganda la yai moja moja, ukamtoa samaki ukamweka pembeni kama mgonjwa. Vile vijiti viwili vya Kichina vya kulia ukanisukumia, ukamwagiza binti mwiko, tangawizi, ndimu na chumvi ya mawe, na yeye akaleta vyote mbio kama aliyetumwa na mwajiri wake. Mama Salome mwenyewe alitoka jikoni akasimama mlangoni, mikono kiunoni, anatazama. Mwanamke aliyelisha kambi nzima! Akasema taratibu, "Huyu mama ni fundi." Nikajibu, "Ni mkwe wangu huyo," na Mayu, nilivimba kama nimekupika mimi.

Kisha ukafanya kile ambacho mpishi hawezi kuacha kukifanya. Ukadondoshea mchuzi kiganjani, ukalamba.

"Chumvi," ukasema.

Ukaongeza. Ukadondosha tena, ukalamba tena. "Bado."

Mara ya tatu hukusema kitu. Mara ya nne ukachukua kipande cha nyama, ati kuona kama kimeiva. Kikaiva. Ukachukua kingine kuona kama kimeiva sana. Kabula alinishika goti chini ya meza akaniminya mpaka nikataka kupiga yowe.

Mimi niligeuza uso ukutani, kama nilivyofundwa. Lakini leo naungama. Pale ukutani palikuwa na friji la soda lenye mlango wa kioo, na wewe ulikuwa ndani yake mzima mzima, unatafuna. Na ulikuwa unafumba macho kwenye tafuno la kwanza. Unayafumba, unasikiliza chakula, unayafumbua. Minza alikuwa anafanya hivyo hivyo. Mezani kwangu, miaka yote ile, kila tonge la kwanza. Nilidhani yule mwanamke hana mfano duniani, kumbe mfano ulikuwa nyuma ya ukuta wangu, nimekatazwa kuuona.

Nikageuka. Sikuweza kujizuia.

"Unatazama nini?" ukauliza, mdomo umejaa.

"Minza alikuwa anafumba macho hivyo."

Nilifikiri nimeharibu, kwamba utaweka mwiko chini na hutakula tena. Ulitulia na nyama yako shavuni. Ukameza.

"Na jino lake la mbele lililokatika," ukasema, "alikuambia lilikatikaje?"

"Aliniambia alianguka akimchotea maji bibi mgonjwa."

"Bibi gani?"

"Jirani yenu. Maskini, hana watoto."

Ukacheka, Mayu. Ulicheka mpaka mchuzi ukakupalia, Kabula akawa anakupiga mgongoni. "Muongo yule! Alikuwa anaingia zizini alfajiri kumnyonya ng'ombe, bega kwa bega na ndama. Ng'ombe akamchoka, akampiga teke."

Miaka thelathini na sita nilimheshimu mke wangu kwa lile jino! Nilikuwa nawasimulia watoto!

Tulikaa pale mpaka saa kumi. Wewe unapika, sisi tunakula, nawe unakula, na Minza anazunguka meza nzima. Ulinipa utoto wake wote, nami nikakupa uzee wake wa upande wangu wa ukuta, jinsi alivyokuwa anaongea na kuku, jinsi alivyonificha kofia nisiende kwenye pombe. Watu wawili tuliompenda kuliko wote, na hatukuwahi kukaa tukamzungumzia. Jungu likaisha mpaka chini, na ile ndizi uliniamuru niile mwenyewe, kwa kuwa imeandikwa ukutani.

Habari ilifika Litapunga kabla yetu. Kaka yangu Shija akaja na wazee wawili, nyuso zimekunjwa. "Ni kweli ulimtazama mkweo akila?" Nilikuwa natafuta uongo mzuri, sauti yako ikatoka ndani ya kinyumba: "Na nyie mlikuwa wapi miezi minne nilipokuwa sili?" Shija aliaga akasahau fimbo.

Nyumbani tulirudi kwenye ukuta wetu, heshima ni heshima. Lakini kila mwisho wa mwezi tulipanda gari kwenda kwa Mama Salome, na pale hapakuwa na kitenge. Ulivuna mahindi misimu miwili zaidi. Ulinenepa hata ukanitukana vizuri. Na ulipoondoka masika hii, uliondoka umelala, umeshiba, sahani imelambwa ikawa nyeupe karibu na kitanda.

Sasa nakaa pale nyuma ya ukuta, naongea upuuzi wangu, halafu nanyamaza kidogo kama mtu anayesubiri zamu ya mwenzake. Kabula ananiona, anajifanya hanioni. Nilikuwa nadhani kuzeeka ni magoti. Kumbe ni kubaki peke yako na habari za mtu, hakuna wa kukuambia umekosea. Lakini sinung'uniki, Mayu. Ulinipa binti yako mara mbili. Mara ya kwanza mlinitoza ng'ombe. Mara ya pili ulinipa bure, na nyama juu.

Kaa salama huko, na unywe vitu vya moto. Msalimie sana Minza. Ila habari ya jino na yule ng'ombe usimwambie kama umenisimulia. Mwache aendelee kujiona mtakatifu. Nitamwambia mwenyewe nikifika, nataka nione uso wake.

Mimi mkweo, mlafi na mtukutu yule yule,
Masanja, baba yake Kabula
Litapunga