Deki ya Alfajiri

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Wiki ya nne hii kwenye nyumba ya wazee. Tuko wanane, vyumba vinne, sebule moja na televisheni ambayo rimoti yake hakuna anayeiweza. Chumbani niko na Fundi. Kashona magauni ya maharusi miaka arobaini, mpaka leo akikuona anakupima mabega kwa macho. Leo kaniambia bega langu la kushoto limeshuka. Ndoo hiyo, nikamwambia. Miaka ishirini na minane nimepiga deki kwenye shule moja, mchezo?

Binti kapiga simu. Nimekula? Nimekunywa dawa? Sijagusa jiko? Jamani, nilimzaa mimi au kanizaa yeye! Ila namwelewa. Sufuria niliyoisahau motoni kwake nusura ituunguze sote. Mwezi wa majaribio unaisha Jumapili. Ukiisha vizuri, nabaki. Nikikataliwa sijui atanipeleka wapi, na zamu zake zile.

Kosa ninalo moja tu. Nilikutwa jikoni naosha masufuria. Sista, muuguzi wetu mkuu, akaniambia kwa upole, Mama, ndoo, majiko, vyombo, hivyo tuachie sisi. Hapa umekuja kupumzika. Huko kupumzika ndiko nisikokujua.

Jumanne, tarehe 5

Mungu wangu. Mungu wangu.

Niliamka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida yangu. Mvua ilikuwa imenyesha, mlangoni petu pana matope ya viatu. Ndoo iko nje ya stoo, inaniangalia. Siku zote huwa napitisha tambara kidogo tu wenzangu hawajaamka, nani atajua? Leo nikamimina na sabuni. Nikapiga deki, nikarudisha ndoo, nikarudi kulala. Usingizi mtamu kama wa mtoto.

Kishindo ndicho kilichoniamsha. Fundi chini, pale pale mlangoni. Mfupa haukuvunjika, ila goti limevimba kama boga. Maji yote kayafuta kwa gauni lake. Sista kaja mbio, kamwinua, kaniuliza nimeona nini. Nikasema nilikuwa nimelala.

Si uongo. Lakini ni uongo.

Jumatano, tarehe 6

Sista ana daftari jekundu la kuanguka. Ukiandikwa mara tatu, unahamishiwa nyumba kubwa ng'ambo ya reli. Kule vitanda vina vyuma pembeni, huamki mpaka uamshwe. Fundi alikuwa na mbili, za miguu yake mwenyewe. Ya jana ndiyo ya tatu. Mwanawe anakuja kumchukua Jumamosi.

Saa ya chai. Mwalimu mstaafu, yule anayesahihisha kila mtu mezani, kaniuliza chai imenikosea nini, mbona naikoroga na sukari sijatia. Fundi akadakia: mwacheni Mama Wasiwasi, huyu akikosa la kuhofia anahofia kukosa!

Wote wakacheka. Na yeye akacheka! Na goti lile!

Alhamisi, tarehe 7

Sijasema. Nimefika mlango wa ofisi mara mbili. Mara ya pili Sista kauliza, Mama, unatafuta choo? Nikasema ndiyo. Nikaenda chooni.

Ijumaa, tarehe 8

Fundi kafungasha. Nilikuwa namkunjia magauni. Tukafika kwenye lile la Jumanne, halijafuliwa bado. Akaniwekea puani. Linanuka nini? Nikasema sijui. Akasema, linanuka sabuni ya deki, ulidhani mimi nilidhani ni manukato?

Nikakaa kitandani. Nikamuuliza, sasa mbona hukusema? Akasema, wewe una mtoto mmoja na chumba hiki. Mimi ninao watano, hata huko nikifukuzwa wataanza kugombana nani asinichukue. Akacheka.

Halafu hakucheka tena. Akasema nyumba kubwa hawaruhusu sindano wala mkasi. Alisema kwa sauti ndogo, kama anajiambia mwenyewe.

Sanduku limemshinda zipu. Nimemfungia mimi, huku nalia.

Jumamosi, tarehe 9

Nimesema!

Kabla ya chai. Daftari lilikuwa mezani kwa Sista. Nikamwambia, mwanangu, hiyo ya tatu si ya miguu ya Fundi, ni ya mikono yangu. Akanitazama. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Akauliza, ni siku ile tu? Nikasema tangu wiki ya kwanza, kila alfajiri. Maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga. Akaweka kalamu chini. Hakufuta, hakuandika. Akachukua simu, akampigia binti yangu.

Sasa ni saa nne. Mwana wa Fundi yuko sebuleni, anachezea funguo za gari. Binti nimemwona dirishani akiingia getini, bado na sare ya kazi. Hakuangalia juu.

Nilipomwambia Fundi, alisema neno moja: mjinga. Kisha akaburuta sanduku lake mpaka katikati ya chumba, akalikalia. Akapigapiga nafasi iliyobaki. Njoo, anasema, tuone watalibebaje.

Nimekaa. Naandikia gotini. Sanduku linalia chini yetu, tutalipasua, mibibi mizima! Fundi kanishika bega, lile lililoshuka.

Hatua zinakuja kwenye korido. Raba za Sista zinanong'ona. Za yule mwana nzito. Visigino vya binti yangu navijua hata nikiwa usingizini. Zimesimama zote mlangoni, pale pale.

Fundi kapaza sauti: piteni tu, leo pakavu.