Mgongo wa Otilia

Alhamisi, Julai. Mbinga kuna baridi ya kuuma masikio, ukungu umekaa mpaka saa nne, na mikono yangu haina kazi.

Nasema mikono hii hii iliyoshika usukani mpaka Lusaka, ikanunua kahawa ya wakulima wa Maguu tangu wanunuzi binafsi turuhusiwe. Shule niliishia kidato cha pili, lakini kwenye kupiga mgongo niite profesa.

Mgongo wa mdogo wangu, Otilia. Ana sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kuzaliwa nao. Makohozi yake ni mazito kama gundi, yanaziba njia ya hewa. Miaka mingi tuliambiwa ni kifua kikuu, akameza vidonge bure, mpaka daktari mmoja wa Dar akapima chumvi ya jasho lake. Tangu hapo, kila asubuhi namlaza kifudifudi juu ya magunia ya kahawa, kichwa chini, nampiga kwa viganja mpaka makohozi yatoke. Majirani wapya waliuliza kama napiga mtu. Nikawaambia ndiyo, na mwenyewe anaomba niongeze.

Sasa yuko hospitali huko ziwani, wiki ya pili. Magunia yapo tu.

Nammisi hata anavyonigombeza.

Shajara, ngoja niungame. Jumapili kabla ya hii iliyopita, tukijiandaa kwenda misa, niliona uzi wa damu kwenye kikombe chake cha makohozi. Daktari wa huko ziwani alishatuonya: mkiona damu, hata kidogo, acheni kupiga, mleteni. Nilijua akienda hatarudi upesi. Nikasuuza kikombe huku naimba. Jumatatu nikapiga tena, kwa mbwembwe zangu zote.

Jumanne akakohoa damu nusu kikombe, nyekundu, ina povu. Nikakodi gari, na njia nzima mpaka hospitali nilikuwa namchekesha dereva ili nisilie.

Daktari aliniuliza damu imeanza lini. Nikasema leo.

Leo saa tano Otilia kanipigia kwa simu ya nesi. Damu ilikata siku nne, jana imerudi. Sauti yake nyembamba. Nikaanza utani wangu, akanikatiza.

"Kaka, ile damu ya Jumapili niliiona kabla yako."

"Mbona hukusema?"

"Wewe je?"

Nikamkumbusha kwamba salio la nesi linaliwa. Kisha akasema alitaka kubaki nyumbani mpaka kahawa iishe kuchumwa. Mimi nilitaka abaki tu, hata bila kahawa.

Mdomo huu umewachekesha maofisa forodha wa nchi tatu, lakini umeshindwa sentensi moja mbele ya daktari. Na daktari huyo anamtibu mdogo wangu akifuata tarehe ya uongo niliyompa.

Kesho nashuka ziwani na basi la kwanza. Najua nitatamani kukimbilia wodini. Nitaanza kwa daktari.