Injini Iliyonyamaza Mno

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Arua

Miaka thelathini na mitano nje ya Yei, kwetu, ng'ambo ya mpaka. Nimeihesabu tena asubuhi nikisubiri maji ya chai yachemke, kama ninavyofanya kila Agosti. Dawa ya nyonga. Redio. Kisha gereji.

Pikapu ya Wani imefungwa kamshafti nyingine. Ile ya zamani vinundu vyake, vile vinavyosukuma vali zifunguke, vilikuwa vimelika. Wani alipata mbadala Koboko, kwa wauzaji wanaoleta vipuri kutoka Kongo. Fundi Candia ameifunga. Leo ameiwasha mbele yangu. Kimya. Zamani ilikuwa ikigonga kama cherehani. Sasa nasikia feni tu. Nilimsifu. Akacheka chini chini, kama mtu aliyeficha zawadi.

Wani akaenda kuijaribu barabarani. Akarudi ameloa jasho. Breki ngumu kama jiwe. Alikanyaga kwa miguu yote miwili ndipo gari likasimama.

Wani ni mtoto wa dada yangu Keji. Keji yuko nyumbani, Yei, na anakufa. Hajasema hivyo. Ametuma neno kwamba nije. Kwa miaka yote hii hakuwahi kuniambia nije.

Jumanne, 5 Agosti

Candia ameazima geji ya kupima mvuto wa injini. Amenieleza, nami nilikuwa nimeshasoma: injini inaponyonya hewa hutengeneza mvuto, na mvuto huo ndio unaousaidia mguu kwenye breki. Mvuto ukiwa mdogo, breki ni ya nguvu za mtu tu. Sindano ilipaswa kukaa karibu na kumi na nane. Ilikaa kumi na mbili. Haikutikisika hata kidogo.

Wani alikuwa amelileta gari kutoka nyumbani kwake, injini ya moto. Wakaanza kutafuta hewa inakoingilia. Mipira yote ya hewa ikakaguliwa, mmoja baada ya mwingine. Gasketi ya manifoldi, pale hewa inapoingilia injini, ikamwagiwa maji ya sabuni. Hakuna.

Nilikaa kwenye tairi kuukuu na fimbo yangu. Nilitaja sababu nyingine tatu kutoka kwenye kitabu changu cha injini. Candia akasema, "Mwalimu, Kiswahili yako iko kama ya redio. Lakini redio haifungui bolti." Wote wakacheka. Nami nikacheka. Ni kweli. Nayajua maneno yote na sina mikono.

Alhamisi, 7 Agosti

Jana hakuna kazi. Vijana wa Onduparaka, timu yake ya mpira, walicheza, na Candia hawezi kushika spana siku yao. Nilikasirika. Nani anajali dada ya nani.

Leo wamefungua mbele ya injini waone kama cheni ya taimingi, inayozungusha kamshafti, imeruka jino. Kazi ya siku nzima. Alama zilikuwa zimeelekeana sawasawa. Nilisikitika kuona hakuna kosa. Kosa lingekuwa na dawa.

Wamefunga tena, wakawasha, wakangoja injini ipate moto kama inavyotakiwa, ndipo wakaitazama geji. Kumi na mbili.

Kwa simu: Keji ameacha uji. Anakunywa maji.

Ijumaa, 8 Agosti

Wani amekwenda Koboko na kamshafti ya zamani mkononi, ailinganishe na nyingine za muuzaji yule. Labda tuliuziwa ya injini tofauti. Amepiga simu mchana. Ni zilezile, kinundu kwa kinundu. Muuzaji amekasirika kwa kushukiwa, kisha akampa pole ya mgonjwa.

Njia ya Kaya, ya kwenda Yei, ina mteremko baada ya mteremko. Candia amekataa kabisa kutukabidhi gari. Ana haki. Namchukia kidogo.

Magari madogo ya abiria hayavuki. Mvua imekata njia mahali fulani, na yanapita malori na pikapu zilizoinuka tu. Boda siwezi. Nyonga hii haikai juu ya pikipiki hata kutoka hapa mpaka Manibe, hapo jirani.

Jumamosi, 9 Agosti

Nilikwenda Koboko kwa teksi ya alfajiri. Wani alikuwa amezungumza na dereva wa lori la sabuni na chumvi la kwenda Yei. Dereva alinipa kiti cha mbele, bure, kwa sababu ya mvi zangu.

Sikuweza kupanda. Ngazi ya kwanza iko usawa wa kifua. Walinisukuma kutoka chini, mwingine akanivuta kutoka juu. Nyonga ikakataa. Nilipiga kelele mbele ya soko zima. Mama mmoja muuza mihogo akasema, "Mwacheni mzee, mtamvunja." Wakaniteremsha kama gunia. Dereva akaniomba radhi, yeye, aniombe mimi radhi. Lori likaondoka.

Nilimwambia Wani achukue boda aende peke yake. Amekaa hapa wiki nzima kwa ajili yangu tu, na ni mama yake. Alisimama akiangalia viatu vyake.

"Mjomba, nitamwambia nini?"

"Mwambie niko njiani."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Sikuwa na jingine la kumpa abebe.

Nimerudi Arua jioni.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisa. Sikusikia mahubiri. Simu ya Wani haipatikani. Kule kijijini mtandao ni wa juu ya kilima, wakati mwingine hata huko haupo.

Jumatatu, 11 Agosti

Candia alinipigia mapema nije upesi. Geji ilikuwa imebaki imefungwa kwenye injini tangu Alhamisi. Leo ameitazama tangu injini inawashwa, ikiwa bado baridi, jambo ambalo hatukulifanya hata mara moja wiki iliyopita. Kumi na nane. Kisha, injini ikipata moto, sindano ikaanza kushuka pole pole mbele ya macho yake.

Nilipofika alikuwa amekaa chini kwenye mafuta.

"Ni mimi, Mwalimu. Nilikaza tapeti yote. Nilitaka ikae kimya."

Mwanya wa tapeti ni ule upenyo mdogo unaoachwa kati ya kinundu na vali ili chuma kikipata moto kiwe na pa kutanukia. Aliuziba karibu wote. Ikipata moto, vali hazifungi hadi mwisho, na mvuto unapotea. Kitabu changu kina ukurasa mzima juu ya jambo hili. Niliuruka. Nilikuwa nimeusifu ukimya ule kwa mdomo wangu.

Nikamuuliza kwa nini. Akaeleza akitazama mikono yake. Kwao, gari linalogonga haliingizwi uani kwa mgonjwa, maana sauti ile humpigia hesabu ya siku zilizobaki. Huachwa barabarani, wageni wakatembea kwa miguu. Ameniona ninavyotembea. Alitaka nishukie mlangoni.

Hakuna mtu wa kumkasirikia. Hilo ndilo baya kuliko yote.

Akapima mianya upya, mmoja mmoja, kwa bamba jembamba la kupimia. Injini ikawashwa, ikapata moto, inagonga kama cherehani. Sindano kumi na nane, haikushuka. Nikapanda kiti cha mbele bila msaada. Nikakandamiza breki kwa ncha ya fimbo, ikazama laini. Candia akasema ataendesha yeye, kesho alfajiri. Nilirudi nyumbani kufunga shati jeupe na kitambaa nilichomnunulia Keji.

Wani akapatikana kwa simu saa kumi jioni.

Keji amekufa jana kabla ya mapambazuko. Wamemzika jana hiyohiyo mchana. Wani alifika Jumamosi jioni, akamwambia niko njiani. Keji akaamuru ua ufagiliwe. Akaagiza kitolewe kiti chenye mgongo, cha kanisani, kwa sababu alisikia nyonga yangu mbovu. Wakakiweka karibu na mlango. Alisema kisiondolewe.

Nimekunja tena shati.

Jumamosi, 16 Agosti

Wani amerudi. Candia amemkabidhi pikapu iliyooshwa, mpaka chini ya mikeka. Walishikana mikono muda mrefu.

Amenileta mpaka nyumbani. Inagonga. Watoto wa jirani waliisikia kabla hatujakata kona. Alinishusha mlangoni, akachemsha chai yeye mwenyewe, akauliza kama twende mwisho wa mvua nione kaburi. Breki ni nzuri sasa, Mjomba.

Nikamuuliza kuhusu kiti. Wamekirudisha kanisani.

Nimemwambia hapana. Nimesema taratibu, asidhani ni hasira. Aliyeniita hayupo.

Mvua imeanza kidogo. Nimeingiza nguo ndani. Sitarudi Yei.