Kikopo cha Ugoro Ulichonipa kwa Mkono Wako

Kasian mtani wangu, mla panya,

Siku hizi nikikuita hivyo hakuna wa kunijibu "nyamaza wewe, mla mbwa." Kambi imejaa watu wale wale, lakini mimi niko peke yangu. Nimejifunza kuandika kwa katekista, na barua yangu ya kwanza ni hii. Usinicheke mwandiko.

Unakumbuka lori la manamba lililotuleta kukata mkonge lilivyotufia pale Zombo, tukamaliza safari kwa miguu? Wewe Mngoni wa Songea, mimi Mhehe wa Iringa, makabila ya watani tangu mababu, hata majina hatujaulizana, lakini kabla ya kufika Kilosa nilikuwa nimeshakunyang'anya kikopo chako cha ugoro na wewe unanikimbiza, mpaka mnyapara akatugombeza. Ikawa hivyo kila tukitoka kukata mkonge. Nanyang'anya, unanikimbiza, ugoro nusu unamwagika njiani.

Halafu wakakupeleka kwenye mashine ya kuchakata mkonge, nayo ikakukata vidole vitatu. Ukahamishiwa kuanika singa, zile nyuzi za mkonge, pamoja na akina mama. Watu walikucheka, na mimi nilikuwa wa kwanza, maana ndiyo kazi ya mtani. Ikaja barua kutoka kwenu kwamba mkeo amerudi kwa wazazi wake. Karani akaisoma kwa sauti mbele ya watu, kama anavyozisoma zote. Tangu siku ile hukuja tena kwenye chungu chetu cha ugali. Ulisema hujui utarudije Songea na mkono ule, wewe uliyeagwa kwa vigelegele. Siku moja ukaniambia, "Mhehe, nimechoka. Mwaka huu utanizika." Nikakujibu nitakuzika na panya wawili wa kula njiani. Ukacheka. Naapa, Kasian, ulicheka.

Jumapili iliyofuata ukaja ukanipa kikopo. Ulikiweka mkononi mwangu, kimejaa, ukaondoka. Na mimi nikafurahi! Mtani hapewi kitu, mtani ananyang'anya, hata mtoto mdogo anajua hilo. Mimi nilikaa pale napiga chafya, najiona nimekushinda. Kesho yake tukaambiwa umejiua.

Kwenye mazishi yako, kwa desturi ya watani, nilipaswa kuruka kaburini, nilale humo, nigome kutoka mpaka nipewe kuku. Nilikuwa nimeshavua viatu. Wazee wakanizuia, wakasema aliyekufa hivyo haliliwi, hataniwi, wala hawekewi matanga. Tulikufukia watu sita ukingoni mwa shamba, kila mtu akashika njia yake. Tangu hapo jina lako halitajwi. Wengine wananong'ona kwamba ulirogwa, wengine wanasema ni pombe. Mimi nasema ulituambia, tena kwa Kiswahili kilichonyooka, na sisi tukakuchukulia ni utani. Naona aibu mpaka leo.

Kitanda chako amepewa Mngoni mwingine, Alanus. Hazungumzi, na kwenye chungu haji. Nilipomtania aliangalia chini. Basi nimeacha kumtania, namuuliza habari za kwao, na jana alinijibu maneno mawili matatu. Jioni nitampelekea ugali alipo.

Leo mchana nilikuja kwako. Nililala juu ya kaburi nikadai kuku wangu kwa sauti, mpaka akina mama wanaoanika singa wakaacha kazi kunitazama. Acha wanitazame. Halafu nikakuwekea kikopo chako kichwani pa kaburi, nimekijaza. Nikajikalia kidogo. Nikakinyang'anya kama zamani, nikakimbia nacho mpaka barabara ya Mikumi, ugoro ukimwagika, ndipo nikageuka.

Hukuja, Kasian. Nilisimama pale muda mrefu.

Lala, mtani. Kila Jumapili nitakuja kukuibia, usizoee kupumzika. Na akitokea tena mtu wa kunipa kitu chake kwa mkono wake, awe Alanus au mwingine yeyote, hicho kitu nitakiacha kianguke, nimshike yeye.

Mhehe wako